Sosi nzito, pampu na kavitesheni: mnato unalinda wapi, unaumiza wapi

Wanaotengeneza sosi ya nyanya, rangi za ukutani au matope ya kuchorongea visima wanaijua hoja hii: kimiminika kizito hakisumbuliwi na kavitesheni (kuzuka na kubomoka kwa viputo vya mvuke ndani ya kimiminika), kwa sababu mnato unavizuia viputo kukua na kubomoka kwa kishindo. Wapo mafundi wa pampu wanaosema kinyume kabisa, kwamba pampu zinazokwama mara nyingi ni zile za vitu vizito. Ushahidi upo kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja anakitazama kiputo, mwingine anatazama bomba la kufyonza, na kwa maoni yangu kiwandani bomba ndilo lenye neno la mwisho.

Tuanze na kiputo. Presha ikishuka hadi chini ya presha ya mvuke wa kimiminika, viputo vya mvuke huzuka. Vikisombwa hadi penye presha kubwa, hubomoka. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alikokotoa muda wa kubomoka huko: ndani ya maji, chini ya presha ya hewa ya kawaida, kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita 1 huisha kwa mikrosekunde zipatazo 91. Kikibomoka karibu na chuma, mchirizi wa kimiminika hupenya katikati yake na kukipiga chuma, na hapo ndipo impela, gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu, huanza kutoboka vishimo.

Mnato unaweza kuuzima mbomoko huo, lakini lazima uwe mkubwa. Kwa kiputo hichohicho unahitajika mnato wa takriban paskali-sekunde 1, yaani mara 1,000 ya maji. Sosi nzito iliyotulia tankini inauzidi mnato huo kwa mbali, na ndiyo maana hoja ya kwanza inavutia.

Tatizo ni kwamba mnato wa sosi si namba moja. Hushuka kadiri tabaka zake zinavyoteleza kwa kasi, kwa kanuni yenye namba mbili: K, kipimo cha uzito wake, na n, kipimo cha jinsi unavyolainika. Maji yana n ya 1. Tuchukue sosi yenye K ya 10 na n ya 0.3. Ndani ya bomba, kasi ya mtelezo ikiwa 100 kwa sekunde, mnato wake ni paskali-sekunde 0.4. Kwenye ukuta wa kiputo kinachobomoka kasi hiyo hufika 10,000 na kupita, na mnato huporomoka hadi 0.016. Sosi ile nzito imekuwa kimiminika chenye mnato mara 16 tu ya maji, na kiputo hakijali. Ule ukaidi wa sosi kutotiririka mpaka isukumwe nao hausaidii: nguvu yake ni makumi ya paskali, wakati presha inayokibomoa kiputo ni kama paskali 100,000.

Kwa hiyo sosi ya aina hii ni nzito bombani, tunapotaka iwe nyepesi, na nyepesi kwenye ukingo wa impela, tunapotaka iwe nzito.

Hoja ya kwanza inapata nguvu halisi kwingine: kwenye polima, yaani molekuli za minyororo mirefu, zilizoyeyushwa majini, hata kwa makumi au mamia ya sehemu kwa milioni. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kuwa maji ya namna hiyo yanachelewa kuanza kavitesheni. Kiputo kinapobomoka, kimiminika kinachokizunguka huvutwa kuelekea katikati, na minyororo hukataa kuvutwa kwa ukali usioonekana kabisa kwenye kipimo cha mnato cha kawaida. Mchirizi unaopiga chuma hudhoofika. Hata hivyo sehemu ya sifa hiyo si ya kiputo: polima hubadilisha mtiririko unaopita kwenye uso wa chombo, na ule mwachano wa mtiririko na uso huo, uliokuwa ukizalisha viputo, huondoka. Halafu kavitesheni yenyewe huikata minyororo, na mikato huangukia karibu na katikati. Mfumo unaozungusha kimiminika kilekile kwa saa nyingi huipoteza kinga hiyo taratibu, wakati namba ya polima kwenye daftari la mchanganyiko haijabadilika.

Sasa bomba la kufyonza. Karatasi ya pampu huonyesha NPSH inayohitajika, yaani presha ambayo lazima ibaki juu ya presha ya mvuke pale mlangoni mwa pampu. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa kwa maji. Fikiria sosi ileile (K na n zikiwa zimepimwa kwenye joto la kazi) ikisukumwa kwenda kwenye chupa kwa nyuzi 85, tanki likiwa wazi na usawa wake mita 1 juu ya pampu, bomba la milimita 80 lenye urefu wa mita 6, mwendo mita 1 kwa sekunde. Presha ya mvuke wa maji kwa nyuzi 85 ni kilopaskali 58. Ile mita 1 ya sosi juu ya pampu inaongeza kilopaskali 10 hivi, na msuguano wa sosi unakula 14. Maji yangepoteza chini ya 1.

Dar es Salaam, penye presha ya hewa ya kilopaskali 101, zinabaki 39, sawa na mita 3.8 za sosi. Iringa, mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, hewa ina kilopaskali 84 hivi. Zinabaki 22, sawa na mita 2.1. Pampu inayodai NPSH ya mita 3 itafanya kazi pwani, na huko juu itakohoa kwa sosi ileile.

Jibu la haraka la waendeshaji ni kupunguza mtiririko. Kwa n ya 0.3, kuukata nusu kunapunguza msuguano kwa asilimia 19 tu. Kupunguza mzunguko wa pampu kunasaidia, ila zaidi kwa sababu NPSH inayohitajika yenyewe hushuka. Kutanua bomba pekee kunalipa kidogo kuliko tulivyozoea kwa mafuta: kutoka milimita 80 hadi 100, mtiririko ukiwa uleule, msuguano unakuwa kilopaskali 9, na Iringa bado tuna mita 2.6. Bomba hilo la 100 likifupishwa hadi mita 2, tunapita mita 3. Kuliinua tanki mita 1 zaidi kunafikisha hapohapo bila kugusa bomba. Pampu ya lobu au ya skrubu, inayozunguka taratibu na kubeba kimiminika kwa vyumba, ni nafuu kubwa kwa vitu hivi, lakini nayo ina NPSH yake. Ikinyimwa chakula, vyumba vyake havijai.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni mvuke na si hewa. Kiputo cha hewa chenye nusu kipenyo cha milimita 1 hunaswa na ukaidi wa paskali 1.4 tu, hivyo sosi yenye paskali 15 inashikilia viputo hata vya sentimita 1. Tanki likikaa usiku kucha havitoki. Pampu ya impela huanza kuyumba hewa ikifika asilimia chache, na hewa hiyo hutanuka kadiri presha inavyoshuka. Sauti haitoshi kuamua: kwenye maji kavitesheni husikika kama changarawe ndani ya pampu, ila kwenye sosi yenye hewa huwa imefifia. Funga geji ya presha kamili (inayohesabu pia presha ya hewa) mlangoni mwa pampu, kwenye namba yake toa presha ya mvuke, linganisha na karatasi. Nafasi ikiwa ya kutosha na pampu bado inayumba, angalia kikoroga kinachovuta hewa, gasketi ya upande wa kufyonza, na bomba la kurudishia linalomwaga sosi kutoka juu ya usawa wa tanki.

Unapoagiza pampu, usimpe muuzaji namba moja ya mnato. Mpe K na n kwenye joto la kazi, na mwambie pampu itafungwa mita ngapi juu ya bahari.