Mbunge aape uaminifu au utii?

Ibara ya 68 ya Katiba yetu inamtaka kila mbunge aapishwe "kiapo cha uaminifu" kabla hajaanza kushiriki shughuli za Bunge. Ukisoma ibara hiyohiyo kwa Kiingereza, unakuta neno "allegiance". Hapa Dodoma, mji wa Bunge, nimewahi kubishana na wenzangu wanaoona Kiswahili kimelipunguzia neno hilo uzito, na kwamba palistahili "utii".

Hoja yao ina mashiko. Neno "allegiance" lilizaliwa Ulaya enzi za ukabaila, mtu alipojifunga kwa bwana aliyempa ardhi na ulinzi. Ukilitamka tu, tayari kuna bwana. "Uaminifu" wetu umeenea mno: mke ni mwaminifu, mtunza stoo ni mwaminifu, na muuza nyanya wa soko la Majengo anayekukimbilia na chenji uliyoisahau naye ni mwaminifu.

Mimi bado nauchagua uaminifu, kwa sababu ni ndugu wa amana. Mzee mmoja niliyemfahamu kule Bahi alitunza ng'ombe wa rafiki yake wa mbali, waliogawanywa ili ukame ukipiga upande mmoja wasiishe wote. Maziwa alikunywa yeye, ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe. Siku ng'ombe mmoja alipokufa, alianika ngozi, akaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka ili mwenye mali aione chapa yake. Rafiki yule hakuwa bosi wake, hakumwamrisha lolote. Lakini mzee asingepata usingizi kabla ngozi haijafika.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa mbunge. Mtiifu hungoja neno la aliye juu yake. Mwaminifu hutoa hesabu kwa mwenye mali, hata akiwa ni bibi wa Chamwino asiyewahi kukanyaga ukumbi wa Bunge. Tukiandika utii, kila mtu atauliza amtii nani, na jibu la haraka litakuwa chama, maana Ibara ya 71 inamwondolea ubunge anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni.

Na huo upana wa uaminifu, ambao kweli upo, kiapo chenyewe kinauziba: "nitakuwa mwaminifu kwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Kile ambacho Kiingereza kimekificha tumboni mwa neno, sisi tumekiweka wazi kwa hiyo "kwa", na inayofuata ni Jamhuri.