Nyota tano za mlimani: kampuni ndogo za Moshi na maoni ya wageni

Mtu wa Munich au Toronto anayetaka kupanda Kilimanjaro hulazimika kutuma kianzio cha mamia ya dola kwa kampuni ambayo hajawahi kuiona, iliyo katika mji asioujua, kwa safari itakayofanyika miezi kadhaa baadaye. Hana shangazi Moshi wa kumwuliza. Hawezi kupita ofisini kwao kuchungulia kama kweli kuna watu. Alicho nacho ni maneno ya wageni waliomtangulia, waliyoyaandika TripAdvisor, Google au SafariBookings, na nyota walizoziacha hapo. Kwa hiyo anayetaka kujua kama maoni ya wateja mtandaoni yanakuza biashara ya nyumbani, na kwa gharama ya nani, aangalie Moshi.

Nianze na faida, kwa sababu ni kubwa. Zamani njia ya mgeni kufika mlimani ilipita kwa wakala wa Ulaya au Marekani. Kampuni ya Moshi iliajiri wapagazi, ikanunua chakula, ikalipa ada za hifadhi, ikampandisha mgeni na kumshusha salama, lakini jina lililobaki kichwani mwa mgeni lilikuwa la wakala, pamoja na sehemu nono ya fedha. Mawakala bado wapo. Ila leo mwongozaji aliyeanza kwa kubeba mizigo, akasomea uongozaji, hatimaye akafungua kampuni yake, anaweza kupata mgeni moja kwa moja kwa sababu wageni 60 wameandika kwamba aliwahudumia vizuri. Hakuna tangazo la kulipia ambalo angeweza kumudu likampa nguvu hiyo.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha mapato ya migahawa ya Seattle na nyota zake katika mtandao wa Yelp. Nyota moja ya ziada iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba faida hiyo aliikuta kwa migahawa ya kujitegemea, si kwa ile yenye matawi mengi na jina linalojulikana kila mahali. Mwenye jina kubwa hakuhitaji kutambulishwa. Kizuri chajiuza, tunasema, lakini kwa mtu anayepita karibu nacho. Aliye ng'ambo ya bahari anahitaji shahidi.

Sasa tuulize shahidi huyu ameona nini. Mgeni huona chakula, hema, tabasamu la mwongozaji, na kama alifika kileleni au la. Haoni mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku. Haoni wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani, wakilala wangapi katika hema moja, au kama wanakula mara moja au tatu kwa siku. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na hupimwa getini, lakini mgeni aliye na hamu ya kuanza safari haangalii mizani. Kampuni inaweza kukusanya nyota tano mfululizo huku ikiwabana watu wake, na bei yake ya chini ikawa sehemu ya sifa anazosifiwa. Jirani yake anayelipa vizuri anatoza zaidi, na mbele ya msomaji wote wawili wana nyota zilezile. Ni pengo hili ambalo Kilimanjaro Porters Assistance Project, iliyoanza mwaka 2003, imekuwa ikijaribu kuliziba kwa kufuatilia hali za wapagazi kwa wapagazi wenyewe. Nyota za mgeni peke yake haziwezi kufanya kazi hiyo, na sioni haki ya kumlaumu mgeni kwa asichoonyeshwa.

Linalonitia hofu kuliko yote ni usiku wa kuelekea kileleni. Kambi ya Barafu, ambako wengi huanzia usiku huo, iko mita 4,673. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Mwongozaji akiona mgeni anayumba, anajibu maswali ovyo, na kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni imeshuka sana, wajibu wake ni mmoja: amshushe. Ubongo ukivimba au mapafu yakijaa maji kwa sababu ya mwinuko, saa chache zinatosha kumpoteza mtu. Lakini mgeni huyo ameweka akiba kwa miaka, amewaaga ofisini kwao, ameahidi picha. Akishapona huko chini, na hupona haraka kwa sababu alishushwa mapema, huanza kujiuliza kama kweli ilikuwa lazima. Wiki mbili baadaye anaandika kwamba mwongozaji alimkatisha tamaa, na anatoa nyota mbili.

Hapo sera ya mwajiri ndiyo inayoamua kila kitu. Mkurugenzi akifunga bonasi ya mwongozaji, au nafasi yake katika safari ijayo, kwenye idadi ya maoni yanayomtaja kwa jina, amemweka mtu huyo gizani, kwenye baridi kali, kati ya uhai wa mgeni na mlo wa watoto wake. Waongozaji wengi watachagua sawa hata hivyo. Lakini biashara haipaswi kutegemea ushujaa wa mfanyakazi dhidi ya utaratibu wa kampuni yake mwenyewe. Nyota zimsaidie mkurugenzi kujua wapi pa kurekebisha, ila zisigeuzwe kipimo cha mshahara.

Kuna pia maoni ya uongo. Luca na Georgios Zervas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba kiasi cha asilimia 16 ya maoni ya migahawa ya Boston yalikuwa yamewekwa kando na Yelp kwa kutiliwa shaka, na kwamba wanaoshawishika zaidi kudanganya ni wale wenye sifa dhaifu, yaani wenye maoni machache au waliotoka kuandikwa vibaya. Hiyo ni sura kamili ya kampuni changa ya Moshi yenye maoni matatu. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alifikisha banda la bustani yake London nafasi ya kwanza kati ya migahawa ya jiji hilo katika TripAdvisor, kwa maoni ya kubuni, na hapakuwa na mgahawa wowote. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya Marekani inaruhusu faini ya zaidi ya dola 50,000 kwa kila kosa la maoni bandia; Uingereza nayo imeyapiga marufuku tangu Aprili 2025. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na sioni maoni ya kununuliwa yataitwaje kama si upotoshaji. Anayeyanunua anamwibia jirani yake aliyepanda mlima kweli na wageni wake.

Basi mwenye kampuni afanye nini? Aombe maoni, bila haya, kutoka kwa kila mgeni. Google inaruhusu kuomba. Inakataza kulipia, kutoa punguzo kama malipo ya sifa, na kuwachagua walioridhika tu. Wakati mzuri ni jioni ya kurudi hotelini au kesho yake, lakini si mwongozaji akiwa amesimama hapo wakati bakshishi zinagawiwa. Awaombe waandike mambo mahususi: njia waliyopita, mwezi, siku ngapi, walikula nini, wapagazi walikuwa katika hali gani. Maelezo kama hayo humsaidia msomaji kuliko sifa tupu, na ni magumu kughushi.

Kisha ajibu. Watafiti Davide Proserpio na Zervas walionyesha mwaka 2017 kwamba hoteli zilizoanza kujibu maoni TripAdvisor zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na wastani wa alama ukapanda kidogo. Malalamiko yalipungua idadi lakini yakawa marefu: mwenye kisirani kidogo huacha kuandika akijua mwenye biashara anasoma, na anayebaki hueleza kisa kizima. Malalamiko marefu ni ushauri wa bure. Kwenye ukurasa huohuo kampuni iweke asichoweza kuona mgeni: kiwango cha malipo ya mpagazi kwa siku, uzito wa mzigo, idadi ya milo.

Jibu kwa mgeni aliyeshushwa aliandike mkurugenzi mwenyewe. Ampe pole kwa dhati, asitaje vipimo vyake vya afya hadharani, na aseme wazi kwamba mwongozaji alifuata utaratibu wa kampuni, kwamba mwenye neno la mwisho mlimani ni mwongozaji huyo, na kwamba hatakatwa chochote kwa uamuzi ule. Nyota mbili zibaki pale zilipo na jibu hilo chini yake. Mzazi anayetaka kupanda na binti yake wa miaka 16 atasoma yote mawili kabla ya kutuma kianzio.