Kura kwa mgombea asiyepewa nafasi: imepotea, au imefanya kazi?

Mtu anayepita nyumba kwa nyumba kumpigia debe mgombea mdogo katika mchujo wa urais wa Marekani hakutani sana na maadui. Anakutana na watu wanaokubaliana naye. Wamemsikia mgombea wake kwenye mdahalo, wamempenda, na hoja yake kuhusu bima ya afya au kodi wanaieleza bila kukosea. Kisha linakuja lile neno: "Lakini hawezi kushinda." Mlango unafungwa kwa upole, na kura inakwenda kwa kinara ambaye mwenye nyumba hakumsifia hata mara moja.

Wachambuzi wengi humwita mpiga kura huyo mwenye busara. Kwa uchaguzi wa Novemba, ule wa kumpata rais mwenyewe, wana hoja, kwa sababu huko karibu kila jimbo humpa mshindi kura zake zote za urais, na anayeshika nafasi ya tatu haambulii kitu. Lakini mchujo hauendeshwi hivyo. Mchujo hugawa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, ambao ndio humteua mgombea wa chama, hufanyika jimbo baada ya jimbo kwa miezi kadhaa, na matokeo ya jimbo dogo la mwanzo hubadilisha fikra za majimbo makubwa yanayofuata. Anayebeba mantiki ya Novemba na kuiingiza kwenye mchujo wa Februari anapiga hesabu ya mtihani mwingine.

Tuanze na namba inayoamua mengi kuliko hotuba zote: asilimia 15. Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, lakini mgombea lazima avuke asilimia 15: katika jimbo zima ili apate wajumbe wa jimbo zima, na katika kila wilaya ya Bunge peke yake ili apate wajumbe wa wilaya hiyo. Chini ya hapo hapati kitu. New Hampshire mwaka 2020, Elizabeth Warren alipata asilimia 9.2 na Joe Biden asilimia 8.4, na wote wawili waliondoka bila mjumbe. Amy Klobuchar, aliyepata chini kidogo ya asilimia 20, aliondoka na sita. South Carolina mwaka huohuo, Tom Steyer alimwaga mamilioni ya dola, akafika asilimia 11, akaambulia sifuri.

Wanaosema kura imepotea huishia hapo. Wakisogea hatua moja mbele watakuta kizingiti hicho kinapimwa pia wilayani, na hapo ndipo mgombea mdogo anapopumua. California mwaka 2020, Warren hakufika asilimia 15 katika jimbo zima, kwa hiyo wale wajumbe wa jimbo zima hakupata hata mmoja. Bado alitoka na wajumbe 11, kwa sababu zilikuwepo wilaya ambamo wafuasi wake walikuwa wamejaa kiasi cha kuvuka. Mfano mkali zaidi ni wa Michigan, Februari 2024. Waliokuwa wakipinga sera ya Biden kuhusu Gaza hawakuwa hata na mgombea. Waliwaomba watu waweke alama kwenye kisanduku cha "sijaamua". Zaidi ya watu 100,000 walifanya hivyo, kama asilimia 13, chini ya kizingiti. Lakini katika wilaya mbili, ile yenye mji wa Dearborn na ile ya Ann Arbor, walivuka, wakapata wajumbe wawili. Kisanduku kisicho na jina la mtu kilipeleka wajumbe kwenye mkutano mkuu wa chama.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayesita si "atashinda?" Ni "wilaya yetu ina wajumbe wangapi, na tunahitaji asilimia ngapi?" Hili lina hesabu yake, na kampeni ndogo isiyoijua hupoteza watu na mafuta. Chukua wilaya yenye wajumbe wanne na wagombea wawili tu waliovuka kizingiti. Ili kinara apate watatu na kumwachia mwenzake mmoja, anahitaji asilimia 62.5. Mgombea mdogo akipita tu asilimia 37.5, wanagawana wawili kwa wawili, sawa kabisa na kama angepata asilimia 60. Maana yake, kumpandisha kutoka asilimia 20 hadi 35 katika wilaya hiyo ni kazi bure, ilhali kumpandisha kutoka 36 hadi 38 kunaongeza mjumbe mzima. Wilaya ya wajumbe watano ina mistari mingine: asilimia 30 inatosha kwa wajumbe wawili, na ukipita 50 umeshapata wa tatu.

Kampeni ya Barack Obama mwaka 2008 iliishi ndani ya hesabu hii. Nevada, Hillary Clinton alimshinda kwa kura, lakini Obama akaondoka na wajumbe 13 dhidi ya 12, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa katika wilaya ambazo mgawanyo ulimfaa. Idaho, jimbo ambalo vigogo wa chama hawakuona sababu ya kulihangaikia, alichukua wajumbe 15 na kumwachia Clinton watatu, faida ya 12. New Jersey, jimbo kubwa na ghali, ilimpa Clinton faida ya 11. Mpiga kura wa Boise, mji mkuu wa Idaho, aliyeambiwa kwamba Idaho haina maana kwa Democratic alikuwa amefanya kazi sawa na ushindi mzima wa New Jersey.

Hilo ni la wajumbe. La pili ni imani ya watu kwamba mtu anaweza kushinda, ambayo wengi huichukulia kama ukweli uliokwisha kuwepo, wakati huzalishwa na kura zilezile. Kabla ya Iowa, jimbo lililopiga kura la kwanza, wapiga kura wengi weusi wa South Carolina walikuwa upande wa Clinton. Wengi hawakuamini kwamba weupe wangempigia Obama. Tarehe 3 Januari 2008 alishinda Iowa, jimbo la weupe, kwa asilimia 37 na ushei. Kabla Januari haijaisha alikuwa ameichukua South Carolina kwa asilimia 55. Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia ambaye kitaifa hakuna aliyemjua, mwaka 1976 hakuongoza hata Iowa. Walioongoza ni wale wasiotaja mgombea. Lakini aliwazidi wagombea wote wenye majina, na hiyo ikatosha. Gary Hart mwaka 1984 alipata asilimia 16 tu Iowa, Walter Mondale akimwacha kwa mbali sana, na siku nane baadaye akamshinda Mondale New Hampshire. Kilichobadilika katika siku hizo nane ni habari moja: kwamba watu wengine pia walikuwa wamempigia.

Tena si lazima ashinde. Machi 1968, Eugene McCarthy alipata asilimia 42 New Hampshire dhidi ya Rais Lyndon Johnson aliyekuwa madarakani. Kwa karatasi, alishindwa. Lakini wafuasi wa Johnson walisimamisha watu wengi mno kugombea ujumbe, wakagawana kura, na McCarthy akachukua wajumbe 20 kati ya 24. Siku 19 baada ya kura, Johnson alitangaza kwamba hagombei tena.

Namna ya kuyasema haya mlangoni ni jambo jingine, na hapo kampeni nyingi huanguka. Kosa la kwanza ni kubisha. Mtu akisema hawezi kushinda, mfuasi mwenye hamasa humpiga kwa takwimu za tafiti za maoni zilizochaguliwa vizuri. Mwenye nyumba anajua zimechaguliwa. Inafaa zaidi kumuuliza: kama uamuzi ungekuwa wako peke yako, nani angekuwa rais? Akitaja jina la mgombea wako, huna haja ya kumshawishi kuhusu sera; mweleze kura yake itafanya nini katika wilaya yake, kwa namba. Akitaja jina la kinara kwa moyo mmoja, mshukuru uende mlango mwingine. Kampeni zenye uzoefu humwandika kila mtu kwa alama, moja hadi tano. Moja ni wa kwetu kabisa, tano ni wa mpinzani. Muda wa maneno ni wa wenye alama tatu. Wenye alama moja na mbili wanahitaji kukumbushwa tarehe na usafiri tu. Kampeni changa hufanya kinyume: hubishana na wenye alama tano kwa sababu ndio wanaochangamsha.

Kosa la pili ni la kalenda, na halina dawa. New York mwaka 2016 ilipiga kura ya mchujo Aprili, lakini mwanachama aliyetaka kuhama chama alitakiwa awe amefanya hivyo Oktoba ya mwaka uliotangulia. Maelfu waliovutiwa na Bernie Sanders wakati wa baridi walikuta mlango umeshafungwa. Hata watoto wawili wa Donald Trump hawakuweza kumpigia baba yao. New Hampshire ni tofauti: asiye na chama anachagua karatasi ya chama chochote siku ileile, na anaweza kurejea kuwa asiye na chama kabla ya kutoka kituoni, lakini aliyejiandikisha chama kingine lazima awe amebadili miezi kadhaa mapema. Kumshawishi mtu Februari asiyeruhusiwa kupiga kura ni kumpotezea muda yeye na wewe. Na kabla ya hayo yote jina liwepo kwenye karatasi: Virginia mwaka 2012 ilidai sahihi 10,000, zikiwemo 400 kutoka kila wilaya, na Newt Gingrich na Rick Perry, si watu wadogo hao, walishindwa kutimiza. Karatasi ya Republican ikabaki na Mitt Romney na Ron Paul.

Sasa upande wa pili, ambao si wa kubeza. Sheria za Republican hazifanani na za Democratic. South Carolina mwaka 2016 Trump alipata asilimia 32.5 na kuchukua wajumbe wote 50. Florida, kwa chini ya asilimia 46, alichukua wote 99. Waliompigia John Kasich au Marco Rubio kwa sababu ya mapenzi walimsaidia waliyetaka kumzuia. Katika jimbo la mshindi kuchukua vyote, kusema "usipoteze kura" ni sahihi, na mpiga debe mwaminifu anapaswa kulikubali bila kuzungusha maneno.

Kuna pia kura za mapema. Mwaka 2020 Pete Buttigieg na Klobuchar walijitoa Machi 1 na 2, na siku kubwa, ambayo majimbo mengi yalipiga kura kwa pamoja, ilikuwa Machi 3. Watu wengi wa California walikuwa na karatasi zao nyumbani tangu Februari. Waliokwisha kuzirudisha zikiwa na majina hayo mawili hawakuwa na la kufanya. Ushauri kwa wafuasi wa mgombea mdogo ni wa kawaida kabisa: kaa na karatasi yako hadi siku za mwisho. Mwaka huohuo Alaska, Hawaii, Wyoming na Kansas, upande wa Democratic, zilitumia karatasi za kupanga wagombea kwa mpangilio wa upendeleo. Aliyeshindwa kufika asilimia 15, kura zake zilihamia chaguo lililofuata. Chama kinacholalamika kuhusu kura kupotea kina dawa hiyo mkononi, na majimbo mengi hayajaichukua.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji ni madhara kwa chama. Gerald Ford alisumbuliwa na Ronald Reagan mwaka 1976, Carter na Ted Kennedy mwaka 1980, George Bush baba na Pat Buchanan mwaka 1992, na wote watatu walishindwa Novemba. Mfululizo huo unatisha, lakini unasomwa kutoka mwishoni kwenda mwanzoni. Hakuna aliyejitokeza kumsumbua rais aliyekuwa imara. Asilimia 37 za Buchanan New Hampshire hazikuuleta mdororo wa uchumi. Zilikuwa kipimo chake, kilichotoka miezi tisa kabla ya uchaguzi. Mgombea mdogo anaweza kuongeza jeraha, sikatai. Kumlaumu kwa jeraha lote ni rahisi mno kwa viongozi wa chama waliokuwa wakiliona na kunyamaza.

Ninachowadai wapiga debe ni kubadilisha maneno kadiri kalenda inavyosonga. Januari unaweza kusema mgombea wako anaweza kushinda, ukamtaja Rick Santorum, aliyetoka mkiani hadi kuishinda Iowa mwaka 2012 kwa kura 34. Baada ya Machi, wajumbe waliobaki wakishapungukiwa na idadi anayoihitaji, usilirudie neno hilo, kwa sababu mwenye nyumba naye anajua kujumlisha. Hapo mwambie ukweli: kura hii ni ujumbe na pengine mjumbe mmoja. Nikki Haley alijitoa Machi 2024, na miezi miwili baadaye Warepublican wa Indiana bado walimpa zaidi ya kura moja kati ya kila tano. Walijua hashindi. Walijaza karatasi hata hivyo.