12 kati ya 20 haimwambii mwalimu afanye nini

Watoto wawili wa darasa la pili hapa Tanga wanapewa orodha ileile ya maneno 20 wasome kwa sauti. Kila mmoja anapata 12. Wanaandikiwa alama sawa, kesho yake wanafundishwa somo moja, na hapo ndipo ninapogomba.

Ukikaa nao karibu utaona hawafanani kabisa. Wa kwanza anasoma "kikapu" na "samaki" bila shida, ila akifika "ng'ombe", "mbwa" au "nywele" anakwama. Silabi za kawaida anazijua; kinachomshinda ni herufi mwambatano. Wa pili anatazama mwanzo wa neno, kinachofuata anabahatisha. "Wanacheza" anasoma "wanacheka", "walikuja" inakuwa "walikula". Maneno yetu mengi yanaanza na viambishi vilevile, na tofauti imekaa mwishoni. Huyu afundishwe kulifuata neno mpaka silabi ya mwisho. Kumrudisha kwenye ng' na nyw ni kumpotezea muda.

Kwa hiyo mwalimu aandike neno kama mtoto alivyolitamka, asiishie kwenye vema na kosa. Tena aongeze maneno machache ya kubuni, kama "bufeta" au "takimo". Wapo wanaoonekana kukisoma kitabu kizima kumbe wamekikariri kwa kuitikia pamoja na wenzao, hata macho hayapo kwenye ukurasa. Neno ambalo hajawahi kulisikia hawezi kulikariri.

Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupima watoto majumbani mwaka 2010, kuanzia silabi na maneno hadi hadithi fupi, walilifumbua macho taifa. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 nao ulirudisha kusoma mahali pake. Lakini mwalimu wa Makorora, hapa hapa Tanga, anataka kujua Jumatatu aanze na nani, na kwa kipi.

Madarasa yamefurika, najua. Hata hivyo orodha fupi haizidi dakika chache kwa mtoto, na mwalimu anaweza kuwaita wachache kila siku wakati wengine wananakili. Kisha awapange kwa makundi kulingana na makosa yao, na makundi yenyewe yabadilike kila baada ya wiki chache. Kundi likigeuka jina la kudumu la "wasiojua", mimi silikubali.

Na sisi wazazi, tukiitwa shuleni, tuache kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Tuulize: mwalimu, anakosea maneno gani?