Kumrudi ili arudi

Mzee wa kanisa akibisha hodi siku hizi kwa muumini aliyeacha kuonekana ibadani, jibu hulipata mlangoni: "Msihukumu." Mstari wa Mathayo 7:1 umegeuka komeo.

Waliolitia komeo hilo wana sababu. Tumeona msichana akitengwa kwa kupata mimba kabla ya ndoa, kisha akasimamishwa mbele ya usharika atubu ili arudi kundini, na aliyempa mimba yuko kwaya anaimba besi. Tumeona pia siri aliyoambiwa mzee Ijumaa ikafika kisimani kabla ya Jumapili. Aliyepitia hayo, ukimtajia nidhamu ya kanisa, lazima ashtuke.

Ila kosa hapo ni kuruka hatua. Mathayo 18:15 unaanza na "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Mashahidi wawili watatu huja baadaye, kanisa zima mwisho kabisa. Sisi tumezoea kuanzia mwisho. Na anayeambiwa "enenda" si aliyekosa. Ni yule mwingine.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Waebrania 12:6 katika Biblia ya Union inasema Bwana ampendaye "humrudi", yaani humwadibu. Kumrudi mtu na kurudi nyumbani, kitenzi kimoja. Paulo naye, katika Wagalatia 6:1, anaagiza aliyeghafilika arejezwe "kwa roho ya upole", na neno la Kigiriki alilotumia ndilo la Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana wanapotengeneza nyavu zao. Aliyewahi kukaa na wavuvi anaijua kazi hiyo: wavu unawekwa mapajani, tundu linatafutwa kwa vidole, uzi unapitishwa taratibu. Hakuna anayeukemea wavu, wala anayeutupa kwa kuwa umechanika.

Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walilielewa hilo kwa namna yao: anayemwonya mwenzake alianza kwa kukiri ya kwake. Ndiyo, wapo waliozidisha, wakawabana watu wakiri hata yasiyohitaji kusemwa hadharani. Hata hivyo mwonyaji aliyekwisha kujianika ni vigumu kumwita hakimu.

Kinachonikosesha raha mimi ni bahasha. Katika sharika nyingi kila muumini ana namba yake ya bahasha ya ahadi, ile ya sadaka aliyoahidi kutoa. Ikikosekana miezi mitatu, mhazini anaona kwenye daftari. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukujua. Tunajua, tena kwa tarakimu, kwamba namba fulani imenyamaza, na tunaandika deni. Mchungaji wa Luka 15 aliwahesabu kondoo akagundua mmoja hayupo, akaondoka kumtafuta. Sisi tunahesabu vizuri kuliko yeye, tunaishia hapo. Kisha ukimya huo tunauita heshima kwa maisha binafsi ya mtu. Labda kwa wachache ni heshima kweli. Kwa mama aliyeacha ibada kwa sababu mumewe ameoa wa pili na anaona haya kukaa benchi lake la kawaida, ukimya wetu ni hukumu iliyokwisha kusomwa.

Nisieleweke kwamba kila anayebisha hodi anastahili kufunguliwa. Aliyekuja na daftari la michango kwapani arudi nalo. Aliyekwisha kupeleka habari kwenye jumuiya kabla ya kuja, vivyo hivyo.

Lakini hodi itapigwa tu, siku moja. Baba mwenye nyumba akifariki, ndugu hukimbilia ofisi ya usharika kuomba mazishi, na daftari lile lile hufunguliwa kuangalia kama marehemu alikuwa anashiriki. Jioni wazee huja, wanakaa kwenye turubai, wanapokea chai. Mjane huwatazama mmoja mmoja. Wengine ndiyo kwanza wanaijua njia ya kufika pale.