Aplikesheni ya biashara imfuate anayeishika kila siku

Siku hizi mwenye biashara akikua kidogo tu, ataambiwa atengeneze aplikesheni. Mwenye duka la vitenge Kariakoo anaambiwa hivyo, mwenye saluni Sinza anaambiwa hivyo. Mimi riziki yangu inatokana na kazi hii ya kuandika programu za simu, na bado nasema wazi kwamba wengi wao hawaihitaji. Mteja anayenunua kitenge mara mbili kwa mwaka hataipa programu yako nafasi kwenye simu iliyokwisha kujaa picha za harusi na video za magrupu. Atakutafuta Instagram au WhatsApp, ataona mzigo, atauliza bei, atalipa kwa simu, na bodaboda atampelekea. Huna sababu ya kumwaga mamilioni hapo.

India walishalijaribu jambo hili kwa fedha nyingi. Mei 2015 Myntra, duka la nguo la mtandaoni linalomilikiwa na Flipkart, lilifunga tovuti na kuwataka wateja wote wanunue kwa aplikesheni tu. Juni 2016 tovuti ya kompyuta ikarudishwa. Walikuwa na wahandisi na wateja wa kutosha, na bado hawakuweza kumlazimisha mnunuzi. Hata hapa kwetu, M-Pesa ina aplikesheni yake lakini haijaachana na *150*00#, kwa sababu mwenye kitochi naye ni mteja.

Faida ninayoiamini iko kwa mtu anayefungua programu hiyohiyo kila siku ya kazi. Mara nyingi huyo si mteja wa mwisho. Ni mfanyakazi wako, wakala wako, dereva wako, au mwenye duka anayechukua mzigo kwako kila wiki. Watu hawa hawazungumzwi sana pale aplikesheni zinapouzwa kwa mbwembwe, na ndio wanaobeba biashara.

Mchukue afisa mauzo wa kampuni ya jumla anayezunguka Chanika kwa pikipiki. Ameingia dukani, mtandao unasuasua. Mwenye duka anapima sukari robo kwa mtoto aliyetumwa, huku wengine wawili wakisubiri. "Mdogo wangu, fanya haraka, andika sabuni katoni tatu na mafuta ndoo mbili." Kama kampuni imempa fomu ya kwenye tovuti, ataibonyeza, ukurasa utazunguka weee, kisha utagoma. Ataishia kuandika kwenye daftari na kunakili jioni akiwa amechoka, na hapo ndipo katoni 3 zinapogeuka kuwa 8. Gari linapeleka mzigo usioagizwa, linarudi nao, mafuta ya gari yameungua, na mwenye duka amehamia kwa mshindani.

Programu iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo wa simu yenyewe inafanya kazi hiyo kwa namna nyingine kabisa. Orodha ya bidhaa na bei ilishashushwa asubuhi kwa mtandao wa ofisini. Oda inahifadhiwa ndani ya simu palepale, stakabadhi inatoka kwenye printa ndogo ya Bluetooth, naye anawasha pikipiki na kwenda duka linalofuata. Kwenye Android kuna chombo kiitwacho WorkManager, ambacho hungoja mtandao urudi kisha kikaituma oda yeye akiwa njiani. Na ukiniuliza ni jambo gani la kumbana nalo fundi wako wa programu, ni hili: kila oda ipewe namba yake ya pekee tangu ikiwa kwenye simu, ili mtandao ukikatika katikati na oda ikatumwa mara ya pili, seva, yaani kompyuta kuu inayopokea oda, iitambue na mzigo usitoke mara mbili.

Najua tovuti nayo siku hizi inaweza kuhifadhi data bila mtandao. Lakini data hiyo inakaa kwenye kivinjari (browser), na mtu akikisafisha ili apate nafasi, oda zimekwenda. Kazi ya kutuma baadaye yenyewe kwa yenyewe nayo haitegemeki. Safari, kivinjari cha iPhone, haina chombo cha aina hiyo kwa tovuti. Facebook walilipata somo hili mapema: Septemba 2012 Mark Zuckerberg alisema hadharani kwamba kosa kubwa la kampuni yao lilikuwa kuegemea mno HTML5, teknolojia ya kutengenezea kurasa za tovuti, wiki chache baada ya kutoa programu ya iPhone iliyoandikwa upya.

Gharama? Kama ni programu ya wafanyakazi, simu unawanunulia wewe. Nunua Android zote, iandikwe mara moja tu kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, na habari ya iPhone unaiweka kando. Kwa kazi nyepesi isiyogusa sana Bluetooth wala GPS, Flutter, chombo cha kuandika programu moja ikafanya kazi Android na iPhone, inatosha, sioni haja ya ubishi. Ila fundi aijaribu kwenye simu ileile ya bei nafuu atakayopewa afisa mauzo, itel au Tecno yenye RAM ndogo, chini ya jua, bando likiwa limeisha. Kuiona ikiteleza kwenye simu ya bosi hakukuambii kitu.

Tenga pia fedha za kila mwaka. Google hupandisha kila mwaka kiwango cha Android ambacho programu inapaswa kulenga, na isiyosasishwa hatimaye haionekani Play Store kwa watumiaji wapya wenye simu za kisasa zaidi. Na akaunti ya Play Store ifunguliwe kwa jina la kampuni yako, si la fundi. Ada yake ni dola 25, hulipwa mara moja tu. Nimeona wenye biashara wakigombana na fundi, wakashindwa hata kurekebisha hitilafu ndogo kwa sababu akaunti na msimbo wa programu (code) vyote viko mikononi mwake. Liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.