Chuo Nacho Kipimwe, Si Mtoto wa Watu Peke Yake

Kila mchezaji wa kikapu anaposajiliwa na chuo cha Marekani akiwa na alama hafifu, utasikia yaleyale: viwango vimeshuka, wapandishe masharti ya kuingia. Mimi naona lawama hiyo inamwangukia asiyehusika.

Kevin Ross aliingia Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, mwaka 1978 akiwa na alama 9 kati ya 36 kwenye ACT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni. Wastani wa wenzake aliodahiliwa nao ulikuwa zaidi ya 23. Chuo kilijua, lakini kilimtaka uwanjani. Kwa ushauri wa idara ya michezo akapangiwa masomo kama kulenga shabaha na nadharia ya mpira wa kikapu (naam, nadharia!), ambayo hayakuhesabika katika shahada. Miaka minne ikaisha, akatoka mikono mitupu, usomaji wake ni wa mtoto wa darasa la saba. Jitu zima likaenda kuanza upya Chicago, katika shule ya Westside Preparatory, pamoja na watoto. Baadaye alikishtaki chuo. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikataa hoja kwamba chuo kinaweza kushtakiwa kwa kufundisha vibaya tu, ila ikaacha wazi dai moja: kwamba aliahidiwa msaada wa masomo na hakuupata. Kesi nzima, kwangu mimi, imo katika ahadi hiyo.

Lakini NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliamua kukaza mlango. Kuanzia 1986 mchezaji alitakiwa awe na wastani wa 2.0 kati ya 4.0 katika masomo 11 makuu ya sekondari, pamoja na alama 700 kati ya 1600 za SAT, mtihani mwingine wa kuombea nafasi chuoni. Mwaka 1989 wakapitisha pendekezo la kuwanyima hata ufadhili wale waliotimiza nusu ya masharti. John Thompson, kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown, yule wa taulo begani, akatoka uwanjani Januari 14 kabla mechi yao na Boston College haijaanza. Alisema wanaoumia ni watoto maskini, hasa weusi. Alikuwa sahihi. Mtihani wa asubuhi moja unapima zaidi shule aliyotoka kijana, na shule hiyo hakuichagua yeye. Sharti la mtihani lilikuja kufutwa Januari 2023. Yamebaki masomo 16 na wastani wa 2.3. Sikulilia.

Kwanza, mlango mkali ulizuia nini? Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kina jina kubwa la taaluma. Ripoti ya 2014 ilionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,000, karibu nusu yao wanamichezo, walichukua masomo hewa: hakuna mwalimu darasani, ni insha moja tu, na alama nono. Mwaka 2017 NCAA ikasema haiwezi kuadhibu, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote.

Adhabu ninayoikubali angalau kidogo ni ile ya NCAA kukipima chuo chenyewe kwa alama: wachezaji wako wanabaki masomoni? Wanafaulu? Chuo Kikuu cha Connecticut, alikochezea Hasheem Thabeet wetu kabla ya kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, walizuiwa kucheza mashindano makuu ya 2013 kwa alama hizo. Hata hapo waliokaa nyumbani ni vijana waliokuwepo. Kocha Jim Calhoun alikuwa ameshastaafu. Mwaka uliofuata wakarudi na kutwaa ubingwa. Mimi ningetaka rekodi ya kuhitimu imfuate kocha popote aendapo, na ndiyo iamue asajili wangapi.

Kwa mzazi wa Dar au Nairobi aliyepigiwa simu na msaka vipaji: usiulize viatu wala tiketi ya ndege. Kwa vyuo vya daraja la kwanza la NCAA (Division I), saa ya masomo 16 huanza kuhesabu tangu darasa la tisa, na ni miaka minne mfululizo. Kijana akirudia kidato ili arefuke, saa haimsubiri. Tunzeni vyeti na ripoti zote halisi. Kisha ombeni kwa maandishi: atasoma nini, nani atamsaidia akikwama, na waliosajiliwa na kocha huyo miaka mitano iliyopita wangapi wana shahada. Akijikanyaga kwenye hilo la mwisho, mwacheni apige simu nyumba nyingine.